Mihuri Miwili Mbele ya Lopur

Jumatatu, 3 Machi. Lodwar

Warsha tena. Chai ya saa nne, mandazi baridi, feni inazunguka na kuturudishia joto lile lile. Mada: kwenye mambo ya nishati, serikali kuu ifanye nini na kaunti ifanye nini. Mwezeshaji katoka Nairobi, koti hataki kuvua, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Akatuwekea Katiba ukutani. Orodha mbili. Ya serikali kuu: sera ya nishati, na usambazaji wa stima na gesi. Ya kaunti: mipango ya kaunti, na usambazaji wa stima na gesi. Maneno yale yale pande zote mbili.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, sasa betri ya sola ikifa kijijini, hiyo ni ya nani? Ukumbi mzima ukacheka. Mwezeshaji akasema ni swali zuri, tutalirudia baada ya chakula. Hatukulirudia.

Mimi sikucheka. Miaka sita nimekuwa afisa wa nishati wa kaunti upande wa Kakuma. Ninakijua kituo kimoja ambako hilo ni swali la kila wiki.

Jumatano, 5 Machi. Kakuma

Nimerudi. Vumbi mpaka kwenye meno. Mchana nikaenda kituo cha sola kile cha mbele ya kijiji cha Lopur.

Wafadhili walikijenga wakaondoka. Kikafunguliwa mara mbili. Wakubwa wa Nairobi walikuja siku yao wakakata utepe, wakubwa wa Lodwar wakaja siku yao wakakata mwingine. Ukutani kuna mawe mawili ya ufunguzi, kila jiwe na majina yake. Ekai mlinzi huyafuta yote mawili kila asubuhi, akimaliza paneli. Hajui kusoma lakini hataki yawe na vumbi.

Betri moja kati ya nane imevimba. Stima inadumu mpaka jioni tu kisha inakata. Kwa zahanati iliyo pembeni bado inatosha: friji ya chanjo, taa, na mashine ya oksijeni ambayo Sista Rebeka anaitunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Zahanati ni yeye peke yake. Muuguzi mmoja, vitanda viwili.

Amoni, mke wa Ekai, ni mjamzito. Atajifungua mwezi wa nne mwishoni. Wawili wa kwanza walikufa siku ile ile waliyozaliwa. Walishindwa kupumua. Hao wote walizaliwa manyattani, kabla mashine haijaja. Sista kamwambia huyu wa tatu lazima azaliwe zahanati, karibu na ile mashine. Amoni alinionyesha shanga alizomtungia mtoto. Nyekundu na nyeupe. Nikamwambia ni nzuri. Ni nzuri kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Mpaka leo tumekuwa tukikiendesha kituo kile kimyakimya. Mimi na Kiprono. Kiprono ni fundi wa upande wa serikali kuu, anakaa Lodwar. Fyuzi ikiungua, yeye anatoa fyuzi, mimi natoa gari. Waya ukilegea, anapita kama anaenda kuwasalimu watu. Sheria yetu moja tu: hatuandiki. Ukiandika, mtu atauliza ni kazi ya nani.

Leo nimeandika.

Sijui ni warsha iliyonilevya au ni kiburi. Nimechoka kuiba fyuzi kama mwizi ili nifanye kazi ninayolipwa kuifanya. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja. Naomba mwongozo: kati ya serikali kuu na kaunti, nani ana jukumu la kubadilisha betri? Nikaituma kwa mkurugenzi wangu Lodwar, nakala Nairobi. Nikagonga muhuri. Nikajisikia mtu wa maana.

Kiprono nilimpigia baadaye nikamsomea. Aliomba nirudie kuisoma. Kisha akasema, "Dada, ungeniambia kwanza." Nikamwambia asiwe mwoga.

Jumanne, 18 Machi

Majibu yamekuja. Mawili, siku moja. Ajabu ya Mungu, hawajawahi kujibu haraka hivi.

Nairobi: kituo hakina leseni ya kitaifa ya kuzalisha na kusambaza stima. Kisimamishwe mara moja mpaka kikaguliwe.

Lodwar: usambazaji ni jukumu la kaunti, Nairobi wasituingilie. Afisa asifanye lolote kituoni mpaka suala lijadiliwe kwenye kikao cha pamoja.

Betri hakuna aliyeitaja. Nimezisoma barua zote mbili mara tatu nikiitafuta ile betri. Haimo. Mjinga mimi. Nimeuliza nani atengeneze, nimejibiwa nani azime.

Ijumaa, 21 Machi

Siku mbaya.

Walikuja vijana wawili wa serikali kuu na gari safi. Wakazima swichi kubwa, wakafunga mlango wa kabati la umeme kwa muhuri wa waya, kama ule wa mita ya stima. Una namba. Kuukata ni kosa la jinai. Heshima walikuwa nayo, siwezi kuwasema vibaya. Walisalimia kila mtu *ejok*, wakanywa maji, wakaniomba radhi.

Nikampigia mkurugenzi. Nilitegemea akasirikie kufunga kwao. Akakasirika kwamba muhuri uliopo ni wa kwao peke yake. Alisema itaonekana tumenyang'anywa. Nitie na wa kaunti, leo leo, juu ya wa kwao. Nilikuwa nao kwenye gari. Nikautia. Mkono wangu mwenyewe.

Sasa ipo mihuri miwili. Wao hawawezi kukata wetu, sisi hatuwezi kukata wa kwao.

Halafu fomu. Mlinzi lazima akiri kwamba amekabidhiwa mihuri ikiwa mizima na ataitunza mpaka ruhusa ya pande zote mbili. Nikamsomea Ekai kwa Kiswahili chepesi. Mstari wa kifungo cha jela akiikata nilimsomea mara mbili ili niwe na hakika ameelewa. Akaelewa. Akabonyeza kidole gumba. Wino wa zambarau.

Aliuliza swali moja. "Na Amoni akifika wakati yake, Madam Stima?" Hapa wananiita hivyo, Madam Stima.

Nikamwambia, "Utanipigia simu. Mimi nitakuambia kata, utakata."

Mamlaka hayo sina. Nilisema ili aache kunitazama vile.

Jumapili, 23 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu wiki za Amoni kwa vidole. Tano. Kikao lazima kiwe kimekaa kabla ya hapo. Lazima.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepiga simu Lodwar kila siku. Kikao bado. Nairobi wanataka kiitishwe na wao kwa sababu sera ni yao. Lodwar wanasema mwenyeji hawezi kualikwa kwake. Haki ya nani, hayo ndiyo maneno.

Sista Rebeka kahamisha chanjo zote Kakuma ndani ya kikasha cha barafu, kwa pikipiki. Hazungumzi nami vizuri siku hizi. Leo, akiwa huko Kakuma, alijibu simu kwa neno moja moja. Simlaumu. Namlaumu. Sijui. Angejua barua hiyo niliiandika kwa ajili yake.

Anajua. Ndiyo maana.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Laga zote, hii mito mikavu ya huku, zimeanza kuteremsha maji. Nimefika kwa shida na nimerudi kwa shida zaidi.

Ekai anapanda paneli kama kawaida na kitambaa chake. Nikamuuliza kwa nini anazifuta na stima imezimwa. Aliniona kama mtu anayeuliza kwa nini unakamua mbuzi. Alisema siku mkifungua, jua lisikute uchafu.

Mtandao pale hakuna, labda ukipanda kile kilima cha mawe nyuma ya zahanati. Alinionyesha jiwe lake la kusimama. Kutoka mlango wa zahanati mpaka juu ni dakika kumi, akikimbia ni sita. Ameshapima. Alifurahi kuniambia hivyo. Mimi nilitaka kulia.

Nilikuwa na koleo ya kukatia waya kwenye gari. Nilikaa ndani ya gari nikiitazama koleo. Wanangu wawili wako Kitale kwa mama, karo yao ni mshahara huu. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Nikawasha gari nikaondoka. Mwoga ni mimi, si Kiprono.

Jumatatu, 7 Aprili

Kikao ni Alhamisi, Lodwar. Hatimaye! Kitaendeshwa na wenyeviti wawili, mmoja wa kila upande. Nimetumwa niandae maelezo ya kituo, kurasa tatu. Nikaandika kumi. Nimemtia Amoni kwenye ukurasa wa kwanza, bila jina. Mkurugenzi akamtoa. Akasema kikao ni cha sera.

Jumatano, 9 Aprili. Lodwar

Nimelala hapa kwa ajili ya kesho. Jioni nimeongea na Ekai, alipanda kilima. Amoni ni mzima, mgongo unamuuma kidogo. Nikamwambia kesho tunamaliza haya. Nikamwambia simu yangu itakuwa wazi siku nzima.

Alhamisi, 10 Aprili

Mtoto amekufa.

Siwezi kuandika leo.

Ijumaa, 11 Aprili. Lodwar

Nitaandika. Nisipoandika nitaanza kujidanganya.

Mlangoni pa ukumbi palikuwa na kikapu kikubwa cha mkoma. Simu zote ziwekwe humo. Ni desturi ya vikao vya pande mbili siku hizi, kwa sababu kuna wakati maneno yalirekodiwa yakafika redioni. Msichana wa mapokezi alisimama na kikapu akitabasamu. Nikasita. Mkurugenzi alikuwa nyuma yangu, nyuma yake kuna wengine, mlango umejaa. Nikaiweka. Nilisema moyoni ni muda wa saa mbili tu.

Tulianza saa tatu. Sala. Utambulisho, watu ishirini na kitu, kila mtu na cheo chake. Kisha ajenda. Serikali kuu walitaka kituo kiitwe "mradi wa kitaifa ulioko kaunti". Kaunti wakataka "mradi wa kaunti unaoungwa mkono na taifa". Wakaanzia hapo, wakaishia hapo. Niliomba nafasi mara mbili. Mara ya kwanza wenyeviti walitazamana kuona nani ana haki ya kuniruhusu. Mara ya pili nikasimama bila kuruhusiwa, nikasema kuna mama atajifungua wakati wowote, jamani, fungueni tu kwanza. Mmoja akasema, "Madam, tafadhali, tufuate utaratibu." Nikakaa.

Nilikaa. Hilo ndilo nitakalokumbuka mpaka nife. Mlango ulikuwa hatua sita. Kikapu kiko nje yake.

Kikao kiliahirishwa saa saba. Kamati ndogo itaundwa. Tukapewa pilau. Nikachukua simu.

Simu kumi na nne za Ekai. Na nyingine tatu kutoka namba hiyo hiyo, ambazo baadaye nilijua ni za Sista, na yeye alipanda kilima. Ya kwanza saa nne na dakika tano. Ya mwisho saa tano na nusu.

Uchungu ulimshika Amoni alfajiri, mapema kabla ya wakati wake. Laga ilikuwa imejaa, pikipiki ya kumpeleka Kakuma ikashindwa kuvuka. Mtoto alizaliwa saa nne asubuhi. Wa kike. Alilia mara moja, hafifu, kisha akaanza kuwa wa buluu kama wale wa kwanza. Sista akabonyeza swichi ya mashine ya oksijeni, kwa mazoea tu, kisha akakumbuka. Akampigia Ekai kelele akate mihuri. Ekai akasema ngoja, Madam atasema. Akakimbia kilimani. Akapiga. Akashuka kuangalia. Akapanda tena. Sista mikono yote miwili ilikuwa kwa mtoto, anampulizia hewa kwa ule mpira wa mkono, hawezi kumwacha hata sekunde. Saa moja na zaidi hivyo.

Jua lilikuwa kali, mvua ilikuwa imekatika tangu usiku. Paneli safi. Hata na betri moja mbovu, stima ingekuwepo ya kutosha mashine hiyo na kijiji kizima.

Mtoto alipokwisha kufa ndipo Sista alipompa mamake, akapanda kilima mwenyewe. Zile simu tatu za mwisho ni za kunijulisha.

Sista hakupaza sauti nilipompata kwa simu, kapanda tena kilimani. Alinieleza yote kwa utaratibu kama anatoa ripoti. Mwisho akasema Ekai hakukataa kukata. Alikuwa anangojea mimi.

Jumamosi, 12 Aprili. Lodwar

Nimeenda nyumbani kwa mkurugenzi. Nikamwambia lazima iandikwe, kwamba mtoto amekufa kwa sababu ya mihuri. Alinikaribisha chai. Aliumia, niliona, si mtu mbaya. Kisha akasema hicho ni kifo, na kifo ni mambo ya afya, kiende idara ya afya, sisi ni nishati.

Nikampigia yule mkubwa wa Nairobi aliyesaini barua. Na yeye alisikitika. Akasema afya ni ya kaunti.

Hapo wamekubaliana.

Namchukia kila mtu. Najichukia mimi zaidi. Kiprono amekuja, ameketi barazani, hakusema "nilikuambia". Natamani angesema.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimeifua nguo niliyovaa kwenye kikao. Nimeifua mara mbili. Haikuwa chafu.

Nilitaka kuandika barua ya kujiuzulu. Nikakaa na karatasi. Nikaona hata hiyo ni barua, na barua zangu nazijua zinafanya nini.

Jumanne, 15 Aprili. Kakuma

Laga imeshuka. Nilitoka asubuhi, nikafika kabla ya jua kuwa kali.

Ekai alikuwa juu ya ngazi anafuta paneli. Alinisalimu *ejok*. Nikaitikia *ejok noi*. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nikasema pole. Akasema asante. Akashuka, akasimama na kitambaa chake, akaniuliza, "Umekuja na karatasi?"

Nikasema sina.

Nilitoa koleo. Nikakata wa kwao, nikakata wetu. Yote miwili ilianguka mchangani, midogo hivyo. Ekai alirudi nyuma hatua moja. Nikafungua kabati nikainua swichi kubwa. Kazi yote haikufika dakika moja.

Ndani ya zahanati kitu kikaanza kunguruma. Sikuelewa mara moja. Ni mashine ya oksijeni. Sista alipoibonyeza siku ile hakuizima tena, ikabaki imewashwa hivyo hivyo. Ikaanza kupumua yenyewe kwenye chumba kitupu.

Amoni alikuwa ameketi nje, ukutani, kwenye kivuli. Zile shanga alikuwa amezivaa mkononi, zimezunguka mara mbili. Akageuza uso akasikiliza. Nilitaka kukimbia ndani nikaizime.

Sista Rebeka alitoka stoo, akapita katikati yetu, akaingia. Mngurumo ukakoma.

Nikaokota mihuri yote miwili nikaitia mfukoni. Nitaipeleka Lodwar kesho mwenyewe, na jina langu. Nimemrudishia Ekai ile fomu ya kidole gumba. Aliikunja ndogo, hakujua aiweke wapi, akaishika tu. Kisha akapanda ngazi. Paneli mbili alikuwa bado hajazifuta.